Jina la Siku ya Nane

Kwetu Rwanda, kwa desturi ya wazee, mtoto hapewi jina siku anayozaliwa. Husubiri siku ya nane. Kwa muda huo wote huitwa "mtoto" tu, na mama yake hukaa ndani akinywa uji wa mtama huku majirani wakija kumpongeza. Siku ya nane watoto wa kilimani huitwa, hupewa chakula, na kila mmoja hutaja jina analoona linamfaa mwenzao mpya. Baadaye wazazi hutoa jina lao, na hilo ndilo linalobaki. Sherehe hiyo huitwa kwita izina, yaani kutoa jina. Wageni wengi wamelisikia neno hilo kwa sababu tangu mwaka 2005 serikali huwafanyia sherehe kama hiyo watoto wa sokwe wa milimani. Lakini sokwe wameiazima kwetu.

Jina la Kinyarwanda mara nyingi ni sentensi nzima. Habimana maana yake Mungu yupo. Nsengimana ni namwomba Mungu. Mwingine huitwa Byiringiro, matumaini, na mwingine Gisubizo, jibu. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, kwa kuwa kila jina linaeleza moyo wa mzazi ulivyokuwa siku ile. Na moyo wa mzazi si mweupe kila siku. Wapo watu wazima wanaoitwa Banyangiriki, yaani "wananichukia kwa nini?" Mzazi aligombana na majirani, mtoto akaubeba ugomvi huo maisha yake yote, shuleni na kwenye kitambulisho.

Naandika haya kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, aliyezaliwa mwezi wa Juni mwaka jana. Alikaribia kubeba jina la namna hiyo, ingawa kwa masikio ya watu lingesikika tamu.

Baba yangu ni mkulima wa kahawa na ni mzee wa kanisa. Ana Biblia moja kubwa yenye jalada jeusi, na kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo ameandika majina yetu sote wanne pamoja na tarehe tulizozaliwa. Mama husimulia kwamba dada alipozaliwa, baba alikaa na kalamu mkononi karibu saa nzima kabla ya kuandika, akiogopa kuuharibu mstari wa kwanza. Dada alikuwa matumaini yake yote. Kwa ajili ya karo yake aliuza ng'ombe wawili. Alipoingia chuo cha uuguzi, baba alianza kusema "daktari wangu", nasi tukanyamaza bila kumsahihisha.

Krismasi ya mwaka juzi dada alikuja nyumbani akiwa mkimya. Pasaka alipokuja, hakuhitaji kusema kitu, tumbo lilionekana. Mwanamume mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha namba ya simu.

Kanisani kwetu kuna desturi. Binti akipata mimba kabla ya ndoa hutengwa mwaka mmoja: hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, na jina lake husomwa mbele ya washirika na mzee wa zamu mwisho wa ibada. Jumapili ile iliyofuata Pasaka zamu ilikuwa ya baba. Wazee wenzake walimwonea huruma wakataka wabadilishane naye. Alikataa. Alisimama na karatasi yake akasoma majina mawili: la kijana mmoja aliyeonekana amelewa, na la binti yake. Alilisoma lote, jina la Kinyarwanda na la ubatizo, kwa sauti ileile anayotumia kutangaza kazi ya kufagia uwanja. Kisha akatangaza wimbo wa kufunga.

Mimi nilikuwa kwenye kwaya, safu ya pili. Niliimba. Siwezi kuandika kuhusu upendo wa Kikristo bila kuanza hapo: jina la dada yangu lilisomwa kama tangazo, nami nikaingia kwenye beti la kwanza kwa wakati.

Tangu siku ile baba hakumsemesha dada. Hakumfukuza wala hakumpiga. Alipita karibu yake kama mtu anavyopita karibu na kiti. Nilirudi chuoni, na kwa miezi miwili sikumpigia dada simu hata mara moja. Wenzangu wa bwenini walimfahamu kwa sababu alizoea kunitumia pesa ya vocha. Walipouliza habari zake nikawaambia anaumwa malaria.

Kipindi hichohicho tulikuwa tunasoma methali. Mhadhiri aliandika ubaoni: kitanda hakizai haramu. Akatuuliza maana. Nilinyoosha mkono kabla ya wengine, na sauti yangu ilitetemeka kidogo. Nilisema maana yake ni kwamba hakuna mtoto haramu duniani, kila mtoto ni halali. Mhadhiri alitabasamu akasema nimeipenda methali kuliko nilivyoielewa. Akaeleza kwamba kitanda kinachosemwa ni kitanda cha ndoa, na kwamba fikra hiyo inalingana na kanuni ya sheria ya Kiislamu: mtoto anayezaliwa katika nyumba ya mume huhesabiwa kuwa wa mume huyo, watu wanong'one wanavyonong'ona. Kwa hiyo methali inamlinda mtoto, lakini inamlinda kwa sababu kitanda kina mwenyewe.

Niliandika maelezo hayo daftarini, na usiku sikulala vizuri. Mtoto wa dada yangu hakuwa na kitanda hicho. Ni nani angemtandikia?

Alizaliwa salama katika kituo cha afya. Mama alinipigia simu alfajiri. Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa siku mbili baadaye, nikaufanya, nikapanda basi.

Nyumbani nilikuta mabishano. Bibi, mama yake baba, alikuwa amesema kwamba mtoto atapewa jina siku ya nane kama watoto wengine, na watoto wa kilimani wataitwa. Baba alisema nyumba ya mzee wa kanisa haiwezi kufanyia sherehe jambo lile.

"Sifanyi sherehe ya dhambi, mwanangu," bibi alimjibu. "Dhambi umeshaitaja kanisani, ina jina tayari. Mtoto bado."

Baba hakujibu. Siku ya nane alichukua jembe kukiwa bado na giza, akaenda shambani.

Bibi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuomba watoto. Nilidhani hawatakuja. Walikuja kumi na mmoja. Miongoni mwao alikuwa mvulana wa miaka mitatu, ameletwa na mama yake, binti wa jirani ambaye jina lake nalo lilisomwa kanisani kabla mvulana huyo hajazaliwa. Naye alisomewa na baba yangu. Mvulana wake hakufanyiwa siku ya nane. Mama yake alisimama nje ya ua mpaka bibi alipomfuata na kumshika mkono.

Bibi aliifanya sherehe kama alivyofanyiwa yeye. Kwanza watoto walipewa vijiti wakalima uani kama watu wazima, wakishindana nani analima haraka. Halafu bibi akachovya majani kwenye ndoo, akawanyunyizia maji akipiga kelele kwamba mvua inakuja, wakimbilie ndani wasilowe. Juni kwetu ni kiangazi, anga lilikuwa kavu kabisa, na watoto walipiga mayowe kana kwamba ni gharika. Walikimbilia mlangoni.

Mlangoni alikuwa baba. Alikuwa amerudi mapema, jembe begani. Walimpita huku na huku kama mbuzi wanaorudi zizini. Wa mwisho alikuwa yule wa miaka mitatu, kizingiti kilimshinda. Baba aliliegemeza jembe ukutani, akamwinua kwa mikono miwili, akamvusha. Sijui kama alimtambua wakati ule. Kisha akaingia na yeye, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali anapokaa mgeni asiyetaka kukawia.

Watoto walikula maharagwe na viazi vitamu kwenye ungo mmoja, wakanywa maziwa. Bibi akawaambia sasa watoe majina. Mmoja alisema Keza, mrembo. Mwingine akasema Mugisha, baraka. Mvulana mmoja mwenye jezi iliyochanika alisema Messi, watu wakacheka, naye akaeleza kwa uchungu kwamba Messi ni mzuri. Msichana mmoja aliyelowa kuliko wote alisema mtoto aitwe Mvua. Nilimtazama baba. Mdomo wake ulicheza kidogo.

Kisha bibi akamgeukia dada. Kwa kawaida ni baba wa mtoto ndiye anayesema. Dada alimtazama mtoto, si sisi, akasema: "Irankunda."

Ni jina zuri na watu wengi wanalo. Maana yake ni "ananipenda", na anayetajwa ni Mungu. Lakini katika chumba kile kila mtu mzima alilisikia lilivyokusudiwa. Ananipenda mimi, yeye tu. Dada alikuwa amelala siku nane, na kabla ya hapo miezi mingi, akiwaza nani anampenda, akahesabu, akapata mmoja. Ilikuwa Banyangiriki iliyovaa nguo ya kanisani. Nami nilijua kwamba katika hesabu ile sikuwamo, na kwamba dada hakukosea kuhesabu.

Baba aliinuka akaenda chumbani. Mama alifumba macho. Tulidhani ameondoka kwa hasira. Alirudi na Biblia yake na kalamu. Alikaa palepale kwenye kigoda, akaifungua kwenye ukurasa wa mwanzo, akaandika polepole. Kisha akaivuka ile mikeka yote na watoto wote, akaiweka Biblia mapajani mwa dada, akarudi mlangoni. Hakusema neno.

Dada alisoma, akafunika uso kwa kanga. Akanipa mimi. Chini ya majina yetu wanne palikuwa na mstari wa tano wenye tarehe ya kuzaliwa na jina: Iradukunda.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, kwa hiyo niruhusiwe kueleza jinsi mwanafunzi wa lugha anavyoona. Katika Irankunda, ile "n" ni kiambishi cha mtendwa, sawa na "ni" katika "ananipenda". Katika Iradukunda mahali pake pana "du". Kwa asili ni "tu", ileile tuliyo nayo katika Kiswahili, ila Kinyarwanda hugeuza "t" kuwa "d" inapofuatwa na silabi yenye sauti sighuna kama "k". Wanaisimu huiita Sheria ya Dahl. I-ra-du-kunda, a-na-tu-penda. Viambishi vinafuatana kwa mpangilio uleule, kana kwamba lugha hizi mbili ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Baba hajasoma isimu. Lakini alikuwa amebadilisha kiambishi kimoja, na kwa kiambishi hicho akajiingiza yeye mwenyewe, akaniingiza mimi na mama na bibi, pengine hata kanisa lote, katika upendo ambao dada alidhani amebaki nao peke yake. Hakulifuta jina la dada. Alilipanua.

Bibi hajui kusoma. Niliposoma kwa sauti, alicheka akasema, "Zakaria naye aliandika kwanza, akasema baadaye."

Wasomaji wa Injili ya Luka wanaijua habari hiyo. Siku ya nane majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, Elisabeti akakataa, wakamwuliza baba aliyekuwa bubu, naye akaomba kibao akaandika Yohana. Ndipo kinywa chake kilipofunguka. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya kisa hicho na sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuwa bubu bila malaika kumgusa, kwa aibu yake tu.

Kinywa cha baba hakikufunguka siku ile. Siku ya kumi na sita hivi, jioni, alipita mlangoni kwa dada akauliza, "Mtoto amelala?" Dada akajibu, "Amelala, baba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Mama aliyekuwa jikoni aliacha kukoroga uji ili asikie vizuri.

Nimewaza sana juu ya matumaini ya wazazi tangu wakati huo. Nilidhani matumaini ni kitu kizuri daima, na kwamba aliyekosea ni mtoto anayeyavunja. Sasa naona kwamba matumaini ya baba kwa dada yalikuwa yamekuwa deni. Ng'ombe wawili waliuzwa, kwa hiyo alipwe muuguzi. Dada aliposhindwa kulipa kwa wakati, akafungwa. Katika mstari wa tano wa ukurasa ule baba hakuandika tumaini lolote juu ya kile mtoto atakachokuwa. Hakuandika kwamba atafuta aibu au atakuwa daktari badala ya mama yake. Aliandika jambo ambalo ni kweli tayari, hata mtoto asipofanya lolote. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya tumaini la kawaida na upendo ambao Paulo anaueleza katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ambayo baba ameihifadhi kwa moyo na ameisoma kwenye harusi nyingi. Nafikiri siku ile kwa mara ya kwanza aliisoma mahali pasipo na harusi.

Namwaza pia Yusufu. Katika Injili ya Mathayo hasemi neno hata moja. Alikusudia kumwacha Mariamu kimyakimya, kisha akamchukua, na mtoto asiyemzaa akampa jina. Mwokozi tunayemwabudu alitandikiwa kitanda na mtu ambaye angeweza kukataa. Nilipowaza hivyo nilirudi kwenye ile methali na daftari langu. Bado naamini mhadhiri alieleza sawasawa. Lakini nadhani Wakristo tunaweza kuiongezea jambo: pale ambapo kitanda hakina mwenyewe, ni kazi ya nyumba nzima kutandika.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yote yamenyooka. Muda wa dada wa kutengwa haujaisha, na mtoto bado hajapelekwa mbele kuombewa. Baba aliwaomba wazee wenzake kwamba majina ya mabinti yasisomwe tena hadharani. Mmoja alimwambia kwamba anaomba hivyo kwa sababu safari hii ni binti yake. Baba alikubali kwamba ni kweli. Shauri hilo bado halijaamuliwa. Lakini Jumamosi moja nilimwona akitoka nyumbani kwa yule jirani, kofia mkononi, na yule mvulana wa miaka mitatu anamsindikiza hadi njiani. Sikumwuliza walizungumza nini.

Dada anajiandaa kurudi chuoni Septemba, mama na bibi wakibaki na mtoto. Nami niliporudi bwenini niliwaambia wenzangu kwamba dada yangu hakuugua malaria, alijifungua. Mmoja wao alinyamaza kidogo, kisha akasema dada yake pia. Tumekaa chumba kimoja miaka miwili.

Iradukunda sasa ana miezi minane. Siku moja atauliza baba yake ni nani, na mama yake atamjibu anavyoona inafaa. Akiniuliza mimi kuhusu jina lake, nitamfungulia ukurasa ule, nimwonyeshe viambishi viwili, kile mama yake alichokitaja na kile babu yake alichokiandika. Na akiniuliza mimi nilifanya nini siku jina la mama yake liliposomwa kanisani, nitamwambia kwamba niliimba. Naye ana haki ya kulijua hilo, kwa kuwa mimi nami nimo ndani ya "du".